Vespa Sprint 150 inazama mlima wa Mazeras, naiongezea nguvu vipi kwa pesa kidogo?

mwana_kisauni

Assalaam aleikum wakuu. Nina Vespa Sprint 150 ya zamani, nimepewa na ami yangu manake macho yamemchoka hawezi kuendesha tena. Bodi iko sawa, rangi imepigwa upya, na hapa mjini haina neno, natoka Kisauni nashika Daraja la Nyali mpaka Digo Road bila wasiwasi wowote. Taabu inaanza nikimpakia mke wangu tukienda kwao Kaloleni. Tukishapita Miritini kuanza kupanda Mazeras inalia tu, gia ya nne haishiki, narudi ya tatu, ya tatu nayo inazama, tunafika juu na gia ya pili na malori yako nyuma yananipigia honi. Hata kwenye tambarare haivuki kilomita 70 kwa saa.

Nataka kuiongezea nguvu lakini mfuko wenyewe ni mdogo, nimetenga kama shilingi elfu 30 hivi na mwisho wa mwezi naweza kusogeza kidogo. Nimeona mtandaoni watu wa Ulaya wanafunga silinda za cc 177, wengine kabureta kubwa, wengine ekzosi za mashindano. Fundi mmoja huku mtaani kaniambia nitoe injini yote niweke ya boda, mie sitaki, nataka ibaki Vespa. Nianzie wapi? Bado inatumia platini (zile za kukata umeme ili plagi itoe cheche) na umeme wa volti 6, kabureta ni ile ile ya asili sijaigusa. Plagi nikitoa naikuta nyeusi na mbichi ya oili.

dereva_wa_tuktuk

Ndugu mie ningekubali ushauri wa boda, spea ziko kila kona kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea, injini haitaki kuchanganya oili na petroli inakula kidogo. Hizi tu-stroki zimepitwa na wakati, hata tuktuk zote tumehamia fo-stroki. Utasumbuka kutafuta vitu vidogo vidogo kila siku.

fundi_makupa

Dereva nakuheshimu lakini hapo hapana. Injini ya Vespa ndo mkono wa nyuma wenyewe, gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya gia, hakuna cheni, na shokomzoba imekamata injini. Ukitaka kuweka ya boda lazima ukate bodi, utengeneze mkono mpya, upange cheni na uhamishe klachi na gia zinazobadilishwa kwa mkono wa kushoto, na bodi ya Vespa ndo fremu yake yaani ukikata bati umekata uti wa mgongo. Alafu namba ya injini inabadilika kwa hivyo unaingia shughuli ya kubadilisha logbook NTSA, wale wa usajili wa magari. Ukibadilisha silinda peke yake namba haiguswi, imegongwa kwenye kasha la injini. Kwa pesa na taabu ya kukata bodi unafufua injini ya Sprint na inabaki chenji.

Sasa mwana_kisauni, wa aleikum salaam. Jambo kubwa umelisema mwisho kabisa, hiyo plagi. Sprint ikitoka kiwandani Piaggio walikuwa wanaitangaza kwa zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Yako haivuki 70. Maana yake hujakosa nguvu za kuongeza, kuna nguvu zako mwenyewe zimepotea ndani ya injini, na kuzirudisha ni rahisi kuliko kununua mpya. Ukifunga 177 juu ya injini inayovuja ni kujaza maji mtungi uliotoboka.

Plagi nyeusi yenye oili mbichi, kitu cha kwanza nashuku ni oil sili, ile raba ya kuzuia oili, ya krank (shafti inayozungushwa na pistoni) upande wa klachi. Ikikatika, injini inavuta oili ya gia inaichoma pamoja na petroli. Kujua ni rahisi. Gia ya Sprint inabeba mililita 250 tu za oili, SAE 30 ya kawaida. Weka chombo chini, fungua nati ya kumwagia injini ikiwa na moto kidogo, acha ichuruzike mpaka iishe kabisa alafu umimine kwenye chupa ya maziwa ya mtoto, ile ina vipimo pembeni. Ukikuta mililita 150 na chini ya injini hakuna hata tone lililovuja nje, jua imepita kwenye sili. Inuse pia, ikinuka petroli basi sili inapitisha pande zote mbili. Na ukiwasha moshi unakuwa mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto.

Sili ya upande wa pili wa krank, wa magneti, ikikauka mambo ni kinyume, inavuta hewa. Utaona ukiachia petroli injini haitulii, inabaki inanguruma juu juu hasa ikiwa na moto. Hii ndo inaua pistoni, manake hewa imezidi, petroli imepungua na petroli ndo iliyobeba oili. Skuta iliyokaa muda bila kuendeshwa raba za sili zinakauka zinakuwa ngumu, na ya ami yako naamini ilikaa.

Kubadilisha ya upande wa klachi lazima kasha lifunguliwe nusu mbili. Najua inatisha lakini hapo ndo uwekee kila kitu mara moja, sili zote, beringi za krank, gasketi, oring, na utazame sahani za klachi. Spea nyingi za ndani za Bajaj Chetak, skuta ya India, zinaingia kwa sababu Chetak ilitokana na hii hii Sprint, Bajaj walikuwa na leseni ya Piaggio kabla ya kuendelea wenyewe. Ila usinunue kwa jina, beba ile ya zamani mkononi uilinganishe dukani kabla hujalipa.

Kuna kitu kimoja mafundi wengi wanapita bila kutazama. Kwenye hizi injini hakuna vali ya kupitisha petroli, duara la krank lenyewe ndo linafungua na kufunga tundu chini ya kabureta, linapita karibu sana na kasha bila kugusa. Kama kuna wakati beringi ililegea au mchanga uliingia, pale panakwaruzika na injini inatapika petroli kurudi kwenye kabureta. Kabla ya kufungua injini toa kabureta, zungusha krank mpaka uone tundu limefungwa, mimina oili kidogo mle tunduni usubiri. Ikikaa juu au ishuke polepole sana uko salama. Ikizama papo hapo, pamelika, na hapo tuongee upya kabla hujatoa hata shilingi.

binti_mikindani

Fundi amesema kweli tupu. Niongeze ekzosi, kaka mwana_kisauni hiyo usiidharau. Tu-stroki inapumua kwa ekzosi, na ya Vespa ni kopo lenye vyumba ndani, miaka na miaka ya oili iliyoungua inajenga masizi mpaka njia inabaki ya kidole. Toa, tingisha, ukisikia vipande vinacheza ndani jua imejaa. Unaiziba upande mmoja unajaza maji ya kostiki soda inalala usiku kucha, asubuhi unamwaga tope jeusi unasuuza mpaka maji yatoke safi. Vaa glovu za raba na miwani, fanya nje penye hewa, kostiki inachoma ngozi na jicho halina spea, na usiache ikagusa kasha la injini kwa sababu inakula aluminiamu. Ekzosi ikiwa imeoza kwa kutu, hii hewa ya chumvi huku kwetu haina huruma, tafuta ya aina ile ile ya asili mpya. Zile za mashindano ziache, zinavuta kwenye mizunguko ya juu peke yake na chini huku kwenye mlima zinakufa, na wewe shida yako ni mlima umempakia shemeji.

Na tundu la ekzosi kwenye silinda pia kwangua, pistoni ikiwa imeshuka chini kabisa, tumia kijiti cha mbao usitumie bisibisi.

Mie naendesha Vespa PX 150 yenye silinda ya DR 177 (DR ni jina la kampuni), nilifunga baada ya injini kuwa nzima, na naipenda. Silinda ya asili ni milimita 57 na pistoni inatembea milimita 57, ndo unapata cc 145. DR ni milimita 63 kwa mwendo ule ule, unapata 177. Ni chuma cha kawaida si aluminiamu, kwa hivyo ni nzito na inapoa polepole lakini bei yake iko chini kuliko za kampuni za Malossi au Pinasco na siku ikilika unaichonga unaweka pistoni ya ovasaizi. Haitakupa spidi ya kutisha, inakupa kifua. Mlima wa Mazeras mie napanda na gia ya tatu nimetulia, nikiwa peke yangu hata ya nne inakubali. Kule Ulaya inauzwa euro mia na kitu, bado usafiri na ushuru, kwa hivyo kwa hiyo elfu 30 yako silinda na kufufua injini pamoja haziingii. Fufua kwanza. Inawezekana kabisa ukishafufua utaona inatosha.

mwana_kisauni

Mashallah, nimefaidika sana, Mungu awabariki. Jana nimefanya ile ya chupa. Imetoka kama mililita 140 na inanuka petroli wazi wazi, hapo sina swali tena. Ile ya kumimina oili kwenye tundu la kabureta imekaa, inashuka polepole mno, nimeenda kuswali nikarudi bado ipo. Ekzosi nikiitingisha inalia vipande.

Sasa maswali yangu. Kabureta imeandikwa 20/17, ni ndogo? Na fundi akifungua, je nipeleke silinda ikachongwe au nisubiri nikusanye ya 177? Na platini niziache?

fundi_makupa

Alhamdulillahi kwa lile tundu, hapo ndo pangekula pesa zako zote.

Silinda usiamue bado. Akiitoa, atazame kwanza ukutani. Shika kucha uipitishe kutoka juu kushuka chini, karibu na juu kabisa utasikia ngazi, pale ringi zinapoishia. Ngazi ikikamata kucha silinda imelika. Kama haijalika na haina michirizi upande wa ekzosi, weka ringi mpya peke yake uendelee na safari zako. Ikiwa imelika, pistoni za ovasaizi zinakwenda kwa hatua za milimita 0.2, yaani 57.2, 57.4, na kuendelea. Nunua pistoni kwanza, mpe fundi wa leithi pistoni yenyewe mkononi, asichonge kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, manake pistoni mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana kidogo na hapo kidogo ni kikubwa. Mwambie ni tu-stroki inayopozwa na feni, na kila tundu ndani ya silinda ukingo wake upigwe msasa kidogo usibaki mkali, ukibaki mkali unanyakua ringi.

Kuhusu 177 kuna kitu lazima ujue kwa Sprint. Sprint ya kwanza silinda yake ina njia mbili za kupandisha petroli, Sprint Veloce iliyokuja baadaye ina njia tatu, na DR imetengenezwa kwa zenye tatu. Namba zote mbili zinaanza na VLB1 kwa hivyo herufi peke yake hazitakuambia, lakini silinda ikishatoka utaona kwa macho, tazama kasha pale silinda inapokalia uhesabu njia. Kabureta yako kuwa 20/17 inanifanya nidhani ni ile ya kwanza. Ukifunga silinda ya njia tatu kwenye kasha la mbili inafanya kazi, watu wengi wanafanya, ile ya tatu inazibwa na kasha. Unapoteza sehemu ya faida, lakini kuchonga kasha ni kazi ya mtu anayejua, usimpe yeyote.

binti_mikindani

Kabureta nichukue mie. 20/17 kwa silinda ya 150 iliyo nzima inatosha, isafishe tu vizuri, fungua kila jeti (vile vitundu vya kupimia petroli na hewa) upulize, badilisha gasketi ya chini na utazame ile nyavu ndogo panapoingia petroli, huwa imejaa kutu ya tanki. Ukitaka kuongeza kidogo, Dell'Orto SI 20/20 inakaa pale pale kwenye sanduku lile lile, na ziko za Spaco za India bei nafuu. Hiyo mie ningeiita maboresho ya kwanza ya kweli kwa pesa kidogo. 24/24 iwache, hiyo ni ya injini ya 200, kwa petroli ilivyo bei sai sioni sababu.

Ukija kufunga 177 siku zijazo jeti kuu lazima ikue. Ile jeti ya SI ni mnara wa vipande vitatu, juu cha hewa huwa 160, katikati BE3 cha kuchanganya, chini ndo jeti yenyewe na kwa PX 150 ni kama 100. Kwa 177 na 20/20 anza na 112 ushuke polepole. Kila mara anza kubwa ushuke, usianze ndogo upande, kubwa itakuchafulia plagi tu, ndogo itakuyeyushia pistoni. Kupima, tafuta barabara tupu alfajiri, gia ya tatu petroli yote kwa muda kidogo, alafu kwa pamoja kamata klachi uzime injini bila kuachia petroli, simama pembeni utoe plagi. Kahawia ni sawa, nyeusi punguza, nyeupe usiendeshe tena mpaka uongeze. Na plagi yenyewe B7HS kwa silinda ya asili, kwa 177 panda B8HS, hasa na joto letu la mwezi wa pili.

Platini ziache kwa sasa. Mwanya wake uwe kama milimita 0.4, badilisha kondensa, basi. CDI (umeme wa plagi usiotumia platini) na volti 12 ni nzuri sana, taa zinawaka usiku barabara ya Mombasa hadi Nairobi ukaonekana na malori, lakini krank ya Sprint koni yake, ile ncha inapokaa magneti, ni tofauti na ya PX, magneti ya PX haikai bila kubadilisha krank. Sasa kama krank yako ikikutwa mbovu injini ikifunguliwa, hapo nunua moja kwa moja ya koni ya PX, umefungua njia ya umeme wa kisasa baadaye bila kurudia kazi.

chuma_cha_zamani

Naingia kwa jambo moja tu wakuu. Nimeona Sprint na PX nyingi hapa mjini zimetolewa lile bati jeusi linalofunika silinda, ati injini ipate hewa. Tafadhali mwana_kisauni hakikisha liko na halina nyufa. Feni iko kwenye magneti na lile bati ndo linaupeleka upepo kwenye mapezi ya silinda, ukilitoa upepo unatawanyika na silinda inabaki haina kitu cha kuipoza, mlimani unakwenda polepole kwa hivyo hata upepo wa barabarani haupo. Safisha na mapezi yenyewe, vumbi likichanganyika na oili linakuwa blanketi.

Na nikisikia mtu anafikiria 177 namuuliza breki. Hizo ni drum. Kabla ya kwenda haraka weka viatu vipya vya breki mbele na nyuma, waya mpya, na matairi ya 3.50-10 yasiwe yale yaliyokauka ubavuni. Kushuka Mazeras umempakia mtu na nyuma yako kuna trela la kontena si mahali pa kugundua kwamba breki ya mbele haishiki.

mwana_kisauni

Nimeelewa. Nimeongea na fundi mmoja wa Majengo aliyewahi kufungua Vespa za wazee wetu, tumekubaliana afungue injini wiki hii, sili zote na beringi, ekzosi naisafisha mwenyewe na kostiki. Viatu vya breki nanunua pamoja. Kabureta ya 20/20 mwezi ujao inshallah. 177 nimeiweka kando kwanza.

Moja la mwisho, oili ya kuchanganya nitie kiasi gani? Ami alikuwa akikadiria kwa macho tu. Na ikishafungwa niiendeshe vipi mwanzo, naweza kumpeleka mama watoto Kaloleni siku ya kwanza?

fundi_makupa

Asilimia 2. Mililita 20 kwa lita moja, 100 kwa lita 5, oili ya tu-stroki ya chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, usitie ya gari. Nunua kikombe kidogo chenye vipimo ukae nacho kwenye boksi la mbele. Ikiwa umechonga silinda au umeweka pistoni mpya, matanki mawili ya kwanza tia 3%, alafu rudi 2.

Kaloleni siku ya kwanza hapana ndugu yangu. Kilomita 500 za mwanzo tembea mwenyewe, Nyali, Bamburi, mpaka Mtwapa ukipenda, badilisha gia mapema, usishike petroli yote na usishike spidi moja muda mrefu, panda shuka panda shuka. Kaza tena nati za kichwa cha silinda injini ikiwa baridi baada ya safari ya kwanza, na oili ya gia uimwage mapema uitazame ina nini. Ukiwa njiani ukisikia sauti ya injini imekuwa nzito ghafla na inavutwa nyuma bila wewe kuachia petroli, hiyo ni pistoni inaanza kushika, kamata klachi hapo hapo, ingia pembeni, iache ipoe nusu saa bila kuigusa kiki.

Fundi akishafungua tupia picha ya krank na ya pale silinda inapokalia, nihesabu hizo njia.